Siku ya Kiongozi Ina Saa Ngapi?

Haya ni maandishi ya mazungumzo tuliyoyatoa jijini Mwanza mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wafadhili.

 

Awali ya yote tunawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Tunajua baadhi yenu mmetoka Ukerewe na safari mliianza tangu jana. Wengine mmetoka Sengerema na Geita, na mmevuka ghuba kwa gari bila kukaa foleni ya kivuko, kwa sababu daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa rasmi Juni 2025. Kabla ya hapo, mwenye mgonjwa na mwenye harusi walisubiri kivuko kimoja. Tunamshukuru Mungu kwa hatua hiyo.

Mada tuliyopewa ni maisha ya kila siku ya kiongozi wa dini katika makazi mapya, mahali ambapo hakuna barabara, hakuna duka, hakuna zahanati, na waumini wenyewe ni wa kuhesabu. Tungeweza kutafuta mifano mbali. Huko Marekani, kwa mfano, Wamormoni waliingia bonde la Salt Lake mwezi Julai 1847 wakaanza kujenga vijiji. Kila mtaa uliwekewa askofu, lakini askofu huyo hakuwa padri wa kusomea wala mtu wa mshahara. Alikuwa mkulima, seremala au mhunzi. Watu walileta zaka yao kwa ng'ombe, nafaka na mayai. Yeye ndiye aliyesimamia ghala, akawagawia wajane na wahitaji, akasuluhisha ugomvi wa maji ya mifereji, kisha akarudi kulima shamba lake.

Mfano huo una mafundisho. Lakini sisi tunao wa kwetu, tena karibu sana. Mliopita Kigongo leo asubuhi mmeuacha kando ya barabara. Mfano huo ni Bukumbi.

Bukumbi ilivyoanza

Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tumewazoea kwa jina la Mapadre Weupe, waliondoka Ufaransa Aprili 1878. Wakaanza safari ya nchi kavu Bagamoyo, wakagawanyika njiani, na kundi lililoongozwa na Padre Léon Livinhac likafika Kageye, ufukoni kusini mwa ziwa, mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo. Mwaka 1879 wakavuka ziwa kwenda Buganda. Novemba 1882, baada ya kuona hatari inazidi, wakaondoka Buganda na kurudi kusini, pamoja na watoto waliokuwa wamewakomboa utumwani. Mwaka 1883 wakaanzisha kituo Bukumbi, ambacho katika maandishi ya siku zile kiliitwa pia Kamoga.

Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, alikuwa amewawekea masharti ambayo tunaomba myakumbuke, maana tutayarudia. La kwanza: wasikae kituoni chini ya watatu. Hata kama kazi inawaita sehemu nyingi, afadhali vituo viwe vichache kuliko mtu mmoja kubaki peke yake. La pili: kila kituo kiandike kitabu cha siku, yaani yaliyotokea leo yaandikwe leo. La tatu: wajifunze lugha ya watu waliowakuta. Kwa sharti lile la pili, leo tunaweza kuzungumza juu ya siku zao.

Kutoka alfajiri hadi taa ya jioni

Siku ilianza kabla ya jua. Sala, tafakari, kisha Misa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaitarajia kwa kiongozi wa dini. Lakini jua likishachomoza, kazi zilizofuata zilikuwa za aina nyingine kabisa.

Walikuja wagonjwa. Vidonda vya miguu, homa, macho, watoto waliodhoofu. Dawa zilikuwa chache na ujuzi ulikuwa mdogo, lakini maji safi, kitambaa safi na mtu wa kukusikiliza vilipatikana. Hospitali tunayoiona Bukumbi leo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitanguliwa na miaka mingi ya kuosha vidonda.

Baada ya wagonjwa ilikuwa kazi ya mikono. Nyumba ilihitaji kujengwa, bustani kulimwa, paa la nyasi kuezuliwa na kuezekwa upya. Padre ambaye kwao alisomea falsafa na teolojia alijikuta anakanyaga udongo wa matofali. Kisha kulikuwa na watoto wa kulisha, kuvisha na kufundisha. Tuseme ukweli hapa pia: watoto hao walikuwa wamenunuliwa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa, wakaletwa kituoni bila wao kuchagua. Aliyewalea aliwapenda, lakini pia alikuwa na mamlaka makubwa juu yao. Kiongozi yeyote anayelisha watu anatakiwa ajiangalie hapo.

Halafu kulikuwa na ghala. Ndugu wahasibu wa kamati, hapa tusikilizane vizuri. Siku zile hapakuwa na benki wala noti. Fedha ilikuwa kitambaa cha merikani, ushanga na waya wa shaba. Kila jora la kitambaa lilitoka pwani kichwani au begani mwa mpagazi, na wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, ndugu zetu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 30 na kitu. Safari kutoka Bagamoyo hadi ziwani ilichukua miezi, na njiani kila mtemi alidai hongo ya kupita katika nchi yake. Kwa hiyo mwenye kutunza ghala la misheni alipopima kitambaa cha kununulia mtama, alikuwa anapima jasho la watu. Akikosea hesabu mwezi huu, hapakuwa na simu ya kuomba nyongeza mwezi ujao.

Mchana walikuja wageni: wajumbe wa mtemi, wafanyabiashara, watu wenye kesi. Huwezi kuishi katika nchi ya watu bila kuwasikiliza wenye nchi. Alasiri yalikuwa mafundisho. Lavigerie alitaka mtu afundishwe kwa miaka 4 kabla ya kubatizwa, na hilo linahitaji uvumilivu wa pande zote mbili. Jioni, taa ikiwaka, ndipo mtu anapoandika barua, anajifunza maneno mapya ya lugha, na kuandika kile kitabu cha siku.

Ukijumlisha, Misa na mafundisho vilichukua sehemu tu ya siku. Sehemu nyingine yote ilikwenda kwenye vidonda, matofali, mtama, wageni na hesabu. Tusidhani kwamba kazi hizo zilimwondoa kiongozi kwenye utume wake. Watu walioosha vidonda vya majirani zao kwa miaka ndio waliokuwa wamejiandaa kwa mgeni tutakayemtaja sasa.

Mgeni wa mwaka 1888

Kila mmoja wetu hapa anawajua Mashahidi wa Uganda. Tunawakumbuka kila tarehe 3 Juni, kwa sababu siku hiyo mwaka 1886 kundi kubwa lao liliuawa kwa moto Namugongo. Aliyetoa amri alikuwa Kabaka Mwanga. Wakatoliki 22 kati ya mashahidi hao walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwezi Oktoba 1964.

Sasa, mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa. Mwezi Oktoba mwaka huo wamisionari wote, Wakatoliki na Waanglikana, wakafukuzwa Buganda. Wakapakiwa katika mashua moja iliyoitwa Eleanor. Njiani kiboko aliitoboa mashua, na baadhi ya watoto waliokuwamo wakafa maji. Waliosalia wakaikarabati mashua, wakaendelea kusini. Watu ambao kule Buganda walikuwa wakibishana mbele ya Kabaka juu ya nani ana dini ya kweli, sasa walikuwa wakichota maji kutoka katika mashua moja. Walipofika kusini, Wakatoliki wakaenda Bukumbi, na Waanglikana wakaenda kwa mwenzao wa Usambiro.

Mwanga naye alikuwa amekimbilia kusini mwa ziwa. Kwanza alikaa Magu, mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu. Hali ilipokuwa mbaya, akatoroka. Na mahali alipokuja kubisha hodi, mwishoni mwa mwaka 1888, palikuwa Bukumbi.

Tunaomba mtafakari. Ni miaka 2 na nusu tu tangu Namugongo. Watu waliokuwa Bukumbi walikuwa wamewafahamu vijana wale kwa majina na kwa sura. Wenyewe walikuwa wametoka kufukuzwa na kupoteza watoto majini. Na sasa aliyetoa amri ya kuua yuko mlangoni, hana ufalme, anaomba mahali pa kulala.

Wakampokea. Akakaa kwao hadi mwaka 1889, alipoondoka kwenda kupigania kiti chake, naye akakipata tena. Baadaye sana, akiwa uhamishoni Visiwa vya Shelisheli, alibatizwa, na akafa huko mwaka 1903.

Sisi tumezoea kusimulia jambo hili kama muujiza wa msamaha, na ni kweli. Lakini tuliangalie pia kwa jicho la kamati. Mfalme hatembei peke yake. Alikuwa na watu. Chakula chao kilitoka katika ghala lile lile la kitambaa na mtama. Usalama wa kituo ulikuwa hatarini, kwa sababu kumpokea mtu aliyepinduliwa ni kujitafutia maadui. Uamuzi kama huo haufai kuachiwa mtu mmoja. Mtu mmoja angeweza kuzidiwa na hasira, au na woga, au na tamaa ya kupata rafiki mkubwa. Penye watatu, mmoja akishindwa kulala kwa hasira, mwingine anaweza kumwambia: tusali kwanza, asubuhi tutaona. Hapo ndipo tunapoiona hekima ya sharti lile la watatu.

Jirani wa Usambiro

Tumesema Waanglikana walikwenda kwa mwenzao wa Usambiro. Huyo alikuwa Alexander Mackay, Mskoti, aliyezaliwa mwaka 1849. Tunapenda wajumbe mlijue jina hilo hata kama hakuwa wa kanisa letu, kwa sababu maisha yake yanamhusu kila mlei aliyeko hapa. Mackay hakuwa padri wala mchungaji. Alikuwa mhandisi. Alitumwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana mwaka 1876, akafika ziwani mwaka 1878, na akaishi Buganda hadi Julai 1887 alipofukuzwa. Ndipo akaja kukaa Usambiro, kusini mwa ziwa.

Siku yake ilikuwa kama ile ya Bukumbi, ila mikono ilikuwa michache. Alifyatua matofali, alipasua mbao, alitengeneza mashua. Alitafsiri Injili katika Kiganda na kuichapa kwa mashine ndogo, kurasa chache chache, kwa ajili ya Wakristo wa Buganda waliokimbilia kwake. Machi 1888 askofu wake, Henry Parker, alifia pale pale Usambiro baada ya muda mfupi tu tangu kufika, na mwingine katika msafara wake akafa pia. Wengine wakaugua wakarudi kwao. Kwa sehemu kubwa ya muda uliobaki, Mackay ndiye aliyekuwa mwalimu, mganga, fundi, mchapaji, mhasibu na mwenyeji wa wageni.

Mwaka 1889 Henry Stanley, yule msafiri, alipita Usambiro pamoja na msafara wake mkubwa, wakapumzika kwa siku kama 20. Akakuta kiwanda kidogo, mbao zilizopasuliwa, bustani, mifugo, na nyumba iliyojaa vitabu. Akamshauri Mackay aondoke naye akapumzike. Mackay akakataa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushika nafasi yake. Februari 1890 akafa kwa malaria, akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Hatusemi kwamba malaria huwaogopa watu watatu. Mapadre Weupe nao walikufa wengi. Wala hatusemi Mackay alikosea kubaki. Tunamheshimu. Tunachosema ni hiki: mtu asipokuwa na wa kumpokea mzigo, hata ushauri mwema wa kupumzika haumfai. Anaupenda, lakini hawezi kuufuata.

Wale ambao vitabu haviwataji

Tusije tukadhani kwamba kanisa la ufukweni lilibebwa na wageni tu. Walioingia vijijini, wakalala katika nyumba za watu, wakafundisha sala usiku baada ya kazi za shamba, walikuwa makatekista. Wengi wao hatuna hata majina. Mmoja tunamjua kwa sababu aliandika. Huyo ni Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, akasoma misheni ya Kagunguli na baadaye seminari ya Rubya, akarudi kwao akawa katekista. Pamoja na kazi hiyo aliandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakimaliza mwaka 1945. Alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981, mzee na maskini. Jueni basi kwamba katekista mnayemwona akiendesha baiskeli ana mengine mengi kichwani, yanayosubiri nafasi ya kutoka.

Mwaka 1973, na tena mwaka 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo. Uamuzi huo ulikuwa mwema, na matunda yake mnayaona. Lakini kila jumuiya ina mwenyekiti, na kila kigango kina katekista. Kila jambo jipya tunaloliamua hapa mjini, liwe la maji, la yatima, la UKIMWI, la upandaji miti au la kuweka na kukopa, linashuka na kutua begani kwa watu wale wale.

Kosa letu

Hapa, ndugu zetu, inabidi tuungame, tena mbele ya wafadhili wetu.

Miaka kadhaa iliyopita tulichimba kisima chenye pampu ya mkono katika kijiji kimoja cha ufukweni. Ziwa lipo, lakini maji yake yalikuwa yanawaletea watu kichocho na magonjwa ya kuhara. Kisima kilipokamilika tulifanya sherehe, ngoma ikapigwa, picha zikapigwa. Tulimkabidhi katekista funguo. Tukamwomba pia atunze daftari la ada ya maji, amwite fundi pampu ikiharibika, aandike majina ya watoto yatima, apokee wageni wetu na atuletee ripoti kila miezi mitatu. Kila jambo tulilomwomba lilikuwa dogo. Naye kila mara alijibu, "Sawa, tutajitahidi."

Huyu ndiye aliyekuwa anaongoza ibada ya Jumapili padri asipokuwepo. Ndiye aliyefundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, aliyezika, aliyeitwa usiku nyumba fulani wanandoa wakipigana. Ana mke, ana watoto, ana shamba la mihogo na kipande cha mpunga. Posho yake kutoka kigangoni ilikuwa ndogo, na mara nyingine ililetwa kwa dagaa.

Mwaka wa pili, asubuhi moja ya Jumatatu, alikuja ofisini kwetu. Alikuwa amezifunga funguo za pampu katika kitambaa. Akaziweka mezani kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema, "Wazee wangu, nimeshindwa. Mtafuteni mwenye nguvu." Tulimsihi. Tulimwambia watu wanamtegemea. Hakuna aliyemuuliza amelala saa ngapi.

Pampu ilikaa imefungwa miezi 4. Watoto wakarudi kuchota ziwani. Na katika ripoti yetu ya robo ile tuliandika kwamba mradi unaendelea vizuri. Hilo ndilo linalotuuma zaidi.

Hatimaye tulikwenda kijijini kwake. Mama mwenye nyumba alitukaribisha vizuri, akatupa viti na uji. Tulipoanza kueleza shida yetu, akasema kwa upole, "Baba zangu, huyu mmemwajiri bila kumwajiri." Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu akatoa kalamu, tukakaa chini ya mwembe na katekista mwenyewe, tukaanza kuhesabu saa zake kwa juma zima. Tulipofika saa 40, ilikuwa bado Ijumaa, na shamba lake hatujalihesabu hata siku moja.

Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulikuwa tumetazama mzigo wa mwenzetu kwa miaka miwili tukiuona usufi mtupu.

Kikaitishwa kikao cha kijiji. Ikachaguliwa kamati ya watu 5, Wakristo na wasio Wakristo, na mama mmoja muuza samaki akapewa daftari na fedha, kwa sababu kila mtu alimjua kwa hesabu. Vijana wawili wakafundishwa kubadilisha mipira ya pampu. Katekista akarudi kwenye mafundisho yake. Siku mbili kwa juma ni za shamba, na hakuna wa kumwita isipokuwa kwa mgonjwa mahututi au msiba. Pampu ikafunguliwa.

Tunachowaomba

Ndugu wapendwa, Biblia inasimulia katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, jinsi Yethro alivyomkuta mkwe wake Musa ameketi kuamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni. Hakumsifu kwa bidii. Alimwambia anajichosha, yeye pamoja na watu wake, akamshauri achague wengine wa kushirikiana naye. Na Musa, mtu mkubwa kiasi kile, akamsikiliza mkwewe. Kwa moyo huo tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, wajumbe wa kamati: kabla hamjatuletea andiko la mradi, kaeni na katekista, na mwenyekiti wa jumuiya, na mama wa WAWATA anayepika kila mkipata wageni. Hesabuni saa zao kwa juma, na shamba lihesabiwe. Kama saa hazipo, mradi usianze, au atafutwe mtu mwingine wa kuubeba. Tutaomba hesabu hiyo iwe ukurasa wa kwanza wa andiko.

Pili, kila mradi ushikwe na watu wasiopungua watatu, kama walivyoagizwa wale wa Bukumbi. Mwenye funguo asiwe mwenye fedha. Na mmoja akiugua, kazi isilale.

Tatu, wafadhili wetu wapendwa: tunajua mngependa fedha zenu zionekane kwenye bomba, kwenye bati na kwenye saruji, na sisi tunapenda hivyo. Lakini baiskeli ya katekista, nauli ya mtunza daftari na chakula cha siku ya semina ni sehemu ya bomba. Tunawaomba mkubali kuviona katika bajeti bila kuvificha chini ya jina jingine. Na sisi kwa upande wetu tunaahidi kwamba pampu ikifungwa, tutawaandikia kwamba imefungwa.

Mkirudi leo, mtakaopita njia ya Kigongo mtaliona tena ziwa lile walilovuka watu wa mashua ya Eleanor. Tunaomba mwakumbuke wale wa Bukumbi waliomfungulia mlango Mwanga, na mmwombee Mackay aliyekosa wa kumpokea mzigo. Kisha, kabla hamjafika kwenu, mpitieni katekista wenu nyumbani kwake. Msimpelekee kazi. Msalimieni mama, ulizeni habari za watoto na za shamba, mkae kidogo, mrudi.